Hivi mchezaji wa fantasi ya kikapu anapandishwa na nini, na anaangushwa na nini? (Wana Tanga njooni)

#1 Mgosi wa Chumbageni
Wakuu habari za jioni.

Jumamosi ni drafti ya ligi yetu ya fantasi, yaani tunagawana wachezaji halisi wa msimu mpya na wakicheza kule sisi tunahesabu takwimu zao huku. NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, inaanza Oktoba 21 mwaka huu wa 2025, na mimi bado nauguza kidonda cha msimu uliopita. Wengine mnakijua, acheni nikitoneshe mwenyewe.

Oktoba 2024, raundi za mwisho kabisa, nilimwokota Dyson Daniels. Hakuna aliyekuwa na habari naye. Alikuwa ametoka New Orleans kwenda Atlanta kwenye ile biashara ya kubadilishana wachezaji ya Dejounte Murray, wengi tukimjua kama kijana wa kukaba tu. Wiki ya kwanza anaiba mipira, wiki ya pili anaiba. Nikasema huyu ni waja leo, kesho kutwa ataondoka. Nikamuuza akiwa juu, nikapewa staa Joel Embiid ambaye wakati huo alikuwa hajaanza hata kucheza. Nilijiona mjanja kuliko dalali yeyote wa Ngamiani.

Daniels kamaliza msimu na wastani wa mipira 3 ya kuiba kwa mchezo, kitu ambacho hakikuwa kimeonekana tangu msimu wa 1990/91, na tuzo ya mchezaji aliyepiga hatua zaidi akaibeba. Embiid kacheza michezo 19. Kumi na tisa, jamani, kati ya 82.

Sasa hoja yangu: thamani ni dakika za uwanjani, basi. Mengine porojo. Mikono ya Daniels ilikuwa ileile New Orleans, lakini kule alikuwa anapewa dakika 22 hivi, Atlanta wakampa zaidi ya 33. Mwenye kubisha abishe.

#2 Fundi Baiskeli
Siti ya mbele hapa. Mgosi, huyo Daniels ulimuuza kwa nani vile?

#3 Dada Raskazone
Kwangu. Asante kwa ubingwa.

#4 Fundi Baiskeli
Nilikuwa najua, nilitaka tu aandike mwenyewe.

#5 Mlinzi wa Zamu
Niko lindoni, mvua inanyesha, wacha nichangie.

Nakubaliana na mgosi nusu. Katika watu 12 wa ligi yetu ni mimi peke yangu niliye macho mechi zikianza. Marekani ya mashariki wakianza saa moja jioni, hapa ni saa nane usiku, na wakisharudisha saa zao nyuma Novemba inakuwa saa tisa. Nusu saa kabla ndipo vikosi vinatoka. Mara ngapi nimeona staa kafutwa saa tisa kasoro, naokota mbadala wake sokoni, kwa wale wasiomilikiwa na yeyote kati yetu, ninyi mkikoroma, mbadala anacheza dakika 35, asubuhi mnaamka mnaniita mchawi!

Lakini zile dakika si zake, ni za mgonjwa. Mgonjwa akipona anadai mali yake. Kwa hiyo mgosi, usiniambie mtu ana dakika ngapi, niambie ni dakika za nani. Mkumbukeni Jeremy Lin, Februari 2012, New York hawana mastaa wao, Carmelo 'Melo' Anthony wala Stoudemire, Lin akapewa mpira, wakashinda mechi 7 mfululizo, dunia nzima ikaimba jina lake. Melo aliporudi, Lin kwisha.

#6 Mwalimu wa Makorora
Mlinzi, hapo kwa Lin umekatisha njia. Aliendelea kucheza na Melo wiki kadhaa. Kilichomtoa msimu ule ni goti, mwishoni mwa Machi, akafanyiwa upasuaji. Na aliondoka New York na mkataba wa dola milioni 25 wa Houston. Kama huko ndiko kwisha, na mimi naomba niishe hivyo.

#7 Mlinzi wa Zamu
Nimepokea, Mwalimu. Ila hoja ya mgonjwa inabaki palepale.

#8 Kapteni Bila Timu
Mimi wa FPL, ile fantasi ya soka ya Ligi Kuu ya England, kikapu nimekaribishwa mwaka huu. Swali la mgeni: huku bei za wachezaji ziko wapi? FPL naona kabisa, mchezaji akinunuliwa na wengi usiku anapanda 0.1, akiuzwa anashuka. Haaland alianza 11.5 mwaka wa kwanza, uliofuata 14.0, uliofuata tena 15.0. Unajua nani kapanda. Huku naona mnabishana kwa hisia tu.

#9 Dada Raskazone
Karibu kapteni. Huku hakuna bei ya kuandikwa. Mchezaji mmoja anamilikiwa na timu moja tu kwenye ligi, nikishamchukua Jokić wewe humpati mpaka nikuuzie. Kwa hiyo bei yake ni kile ambacho mmoja kati ya sisi 12 yuko tayari kukitoa siku hiyo. Wakati mwingine ni hasira tu za mtu aliyefungwa Jumapili.

#10 Fundi Baiskeli
Na FPL penyewe bei inadanganya. Ukinunua mtu kwa 7.5 akapanda hadi 7.7, ukimuuza wanakupa 7.6, nusu ya faida wanakula wenyewe. Na anayepanda ni aliyefunga wiki jana, siyo atakayefunga wiki ijayo.

#11 Chungwa Muheza
Mimi nitasema kwa ninachokijua. Nanunua machungwa. Kuna watu tunanunua shamba likiwa bado maua. Unatembea chini ya miti, unapiga hesabu, unampa mwenye shamba hela yake, baada ya hapo jua likiwaka, mvua ikizidi, nzi wa matunda wakiingia, ni shauri yako. Mwingine anangoja chungwa liive, analiona kwa macho, lakini anagombania na malori ya Nairobi.

Mgosi kosa lake siyo kumuuza Daniels. Aliuza maua yaliyokwisha kuwa matunda, akanunua mti mkubwa wenye jina ambao tangu mwaka jana yake ulikuwa unakauka. Embiid Januari 2024 kawafunga San Antonio pointi 70, na siku nane tu baadaye akaumia goti. Msimu ule alicheza 39. Mti ulishatoa dalili.

#12 Mgosi wa Chumbageni
Chungwa, unaongea kama mwenye hekima, ila mwaka jana raundi ya pili si ni wewe ulimchukua Ja Morant, naye majeruhi wa kila mara?

#13 Chungwa Muheza
Tuheshimiane.

#14 Mtoto wa Barabara ya Nane
Mnazunguka mno. Wachezaji wanapanda wakiwa na bahati ya timu. Mfano tunao wa nyumbani, Hasheem Thabeet. Kachaguliwa wa kwanza NBA nzima, mtu wa Dar, futi saba na inchi tatu, halafu wakamkalisha benchi. Wangempa timu nyingine angekuwa mwingine leo.

#15 Mwalimu wa Makorora
Wa pili, kijana. 2009, wa kwanza alikuwa Blake Griffin, Thabeet wa pili akaenda Memphis. Wa tatu James Harden, wa saba Stephen Curry. Ndiyo maana jina lake halitupi usingizi.

#16 Mtoto wa Barabara ya Nane
Sawa, wa pili. Lakini Memphis walikuwa na Marc Gasol nafasi ileile. Angecheza wapi? Hapo mgosi yuko sahihi, ni dakika.

#17 Fundi Baiskeli
Dakika hazigawiwi kama futari. Februari 2010 walimshusha ligi ya chini akachezee Dakota Wizards ili apate hizo dakika. Baadaye kapita Houston, Portland, Oklahoma City, na wastani wake wa maisha ni pointi 2.2 na ribaundi (mipira ya kudaka mtupo ukikosa) 2.7. Timu nne zote zilikuwa na Gasol?

#18 Dada Raskazone
Fundi, taratibu. Yule alianza kikapu akiwa kijana mkubwa tayari, wenzake walianza wakiwa na miaka sita. Halafu akaingia wakati mchezo wenyewe unabadilika, watu warefu wanatakiwa watupe kutoka mbali na wakimbie. Mtu wa kusimama chini ya kikapu na kuzuia mitupo bei yake ilishuka duniani kote, siyo yeye tu. Na huyo Griffin wa kwanza msimu wake wa kwanza wote hakucheza, goti. Mwaka uliofuata akawa mchezaji bora chipukizi. Ungekuwa na fantasi Oktoba 2009 ungemweka wapi?

#19 Mlinzi wa Zamu
Kwa kweli mimi nilipomwona Thabeet kwenye runinga mara ya kwanza nililia. Sikujali takwimu. Tuendelee.

#20 Babu Tongoni
Vijana salamaleko. Hiyo drafti ya Jumamosi inachezwa baraza gani? Mie nina nafasi baada ya alasiri.

#21 Mgosi wa Chumbageni
Waalaikumu salamu babu, shikamoo. Siyo drafti ya kete. Tunagawana wachezaji wa kikapu wa Marekani, kila mtu anachagua kwa zamu, wakicheza kweli kule sisi tunahesabu pointi zao huku.

#22 Babu Tongoni
Marahaba. Kumbe kete zenu ni watu.

#23 Fundi Baiskeli
Babu kaua uzi.

#24 Mwalimu wa Makorora
Haujafa, ngoja niufufue kwa hesabu. Mnasema mchezaji kapanda wakati hajapanda popote, katupa vizuri wiki mbili tu. Anayeongoza historia nzima ya NBA kwa asilimia ya mitupo ya pointi tatu ni Steve Kerr, asilimia 45.4. Curry mwenyewe yuko 42 na ushee. Sasa mtu wenu wa Novemba anaingiza 52, mnambadilisha na staa. Atarudi kwenye kiasi chake, ni kama maji ya bahari pale Deep Sea, yajaa yatoka. Hakuumia, hakunyimwa dakika, amerudi tu nyumbani kwake.

La pili, thamani inategemea timu yako. Ligi yetu ina vipengele tisa tunavyoshindania kila wiki, asilimia ya mitupo huru ni kimojawapo. Chukua Giannis. Anapiga mitupo huru takriban 10 kwa mchezo, juzi juzi amekuwa akiingiza sita na kidogo. Tuseme timu yako bila yeye ina mitupo huru 70 kwa wiki na inaingiza 57, hiyo ni asilimia 81. Mlete Giannis na michezo mitatu: 30, kaingiza 18. Sasa una 75 kwa 100. Kipengele hicho umeshakipoteza kila wiki mpaka Aprili. Kwa aliyeamua tangu mwanzo kukitupa hicho kipengele, Giannis ni dhahabu. Kwa mwenzake ni mzigo. Mtu yuleyule, usiku uleule.

#25 Kapteni Bila Timu
Mwalimu, hapo ndipo nimeelewa mchezo huu kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo huyo Giannis nimchukue au nisimchukue?

#26 Mwalimu wa Makorora
Inategemea.

#27 Fundi Baiskeli
Darasani kwake ndivyo alivyokuwa anatujibu vilevile.

#28 Mlinzi wa Zamu
Mmesahau ratiba. Kuna wiki timu ina mechi nne, nyingine mbili. Mtu wa pointi 12 akicheza nne anakupa 48. Staa wa 22 akicheza mbili anakupa 44. Mwaka jana wiki ya nusu fainali niliingia na majina ambayo hata mama zao hawayajui, nikamtoa Chungwa na mastaa wake watano.

#29 Chungwa Muheza
Mastaa wangu hawakushindwa, walipumzishwa! Na hili mgosi uliweke kwenye hesabu yako ya dakika. Lauri Markkanen 2023 alibeba tuzo ileile aliyopewa Daniels. Msimu uliopita Utah wakawa wanamkalisha nje mpaka NBA ikawapiga faini ya dola 100,000. Mtu mzima, hana donda, timu inataka kupoteza tu, maana timu tatu za mkiani kila moja ilikuwa inapewa asilimia 14 ya kupata chaguo la kwanza la vijana wapya. Fainali zetu ni Machi na Aprili mwanzoni, wakati huohuo wao wanatafuta kushindwa. Mimi shilingi 10,000 yangu ya kiingilio imeliwa na watu wanaotafuta kushindwa.

#30 Mtoto wa Barabara ya Nane
Na hawakulipata. Utah walimaliza wa mwisho kabisa, bahati nasibu ikawapa la tano. La kwanza likaenda Dallas waliokuwa na asilimia 1.8, wakamchukua Cooper Flagg.

#31 Chungwa Muheza
Ndiyo raha pekee niliyopata mwaka huu.

#32 Babu Tongoni
Nimesoma yote tangu mwanzo, mjukuu ananivutia kioo juu. Kuhusu kupanda na kushuka niulizeni mie niliyekata mkonge. Mjerumani Hindorf alileta miche mwaka 1893, iliyofika hai 62 tu. Ikazaa mashamba yote haya mnayoyaona kutoka hapa hadi Korogwe na mbele. Mwaka 1964 nchi inatoa zaidi ya tani 200,000, hakuna aliyetufikia duniani. Tanga ilikuwa Tanga kweli, muziki kila Jumamosi. Ikaja nailoni, kwisha.

#33 Fundi Baiskeli
Shikamoo babu. Marehemu babu yangu wa Pongwe alikuwa anasema siyo nailoni, ni kutaifisha 1967, wenye ujuzi wakaondoka.

#34 Babu Tongoni
Marahaba. Babu yako alikuwa karani, jembe la mkonge hakulishika. Bei ya soko ilishaanza kuporomoka kabla ya Azimio.

#35 Mwalimu wa Makorora
Vyote viwili babu, na uchakavu wa mitambo na mashamba kutopandwa upya. Miaka ya mwisho ya 1990 hatukuwa tunafika hata tani 30,000. Ila angalieni, mkonge wenyewe haukubadilika. Uzi ni uleule.

#36 Fundi Baiskeli
Na uzi huu nao umeshahama kabisa. Turudi kikapuni.

#37 Dada Raskazone
Narudi, kwa jambo ambalo hamlipi uzito wake. Kazi yangu ni kunyoosha viungo vya watu, wengi wanaletwa baada ya bodaboda. Majeruhi hayafanani. Kifundo cha mguu kikiteguka, wiki tatu, nunueni huyo mtu, mwenye naye ana kiwewe. Kano ya kisigino ikikatika, huo ni mwaka, na akirudi anarudi bila ile ruka ya mwanzo kwa muda. Angalieni 2025 peke yake: Lillard Aprili, Tatum Mei, Haliburton Juni mechi ya saba ya fainali. Wote kisigino. Naona kuna mtu kwenye kundi letu anaulizia Haliburton "kwa bei ya chini". Pacers, timu yake, walishasema hachezi msimu huu wote. Hiyo siyo bei ya chini, huyo ni kiti kitupu.

Damu kuganda ni jambo jingine tena. Wembanyama alisimamishwa Februari bega la kulia, michezo 46 tu, na timu yangu nusu ikafa siku hiyo. Lakini misuli na mifupa yake mizima, na Julai aliruhusiwa kurudi. Kwa macho yangu huyo thamani yake haikushuka hata kidogo, ilifichwa tu.

#38 Kapteni Bila Timu
Ni mimi niliyeulizia Haliburton. Nimefuta.

#39 Mgosi wa Chumbageni
Nimewasoma wote. Mmesema dakika za mgonjwa, maua, bahati, kisigino, mitupo huru, ratiba, nailoni. Sijaona aliyevunja hoja yangu. Mtu aliyeumia hana dakika. Aliyepumzishwa hana dakika. Thabeet hakuwa na dakika. Kila mlichotaja kinaishia mlemle.

#40 Mwalimu wa Makorora
Mgosi, hiyo ni sawa na kusema mtu amekufa kwa sababu roho imetoka. Sisi tunauliza imetolewa na nini. Halafu Anthony Davis utamweka wapi? Kauzwa Dallas Februari, Dončić kaenda Lakers. Mechi ya kwanza kabisa Dallas dakika wamempa: pointi 26, ribaundi 16, asisti 7, mitupo mitatu kaizuia. Na katika dakika hizohizo ulizompa, robo ya tatu, nyonga ikagoma. Akarudi Machi inaisha.

#41 Mlinzi wa Zamu
Mechi ile niliiona moja kwa moja. Saa moja baadaye nikapokea ofa ya Davis kutoka kwa mtu mmoja hapa ambaye alidhani nimelala.

#42 Mgosi wa Chumbageni
Mlinzi, mambo ya faragha hayo.

#43 Mtoto wa Barabara ya Nane
Kwa hiyo mwaka huu nani anapanda? Tajeni majina, nadharia zimetosha.

#44 Chungwa Muheza
Dončić. Kapungua mwili kiangazi hiki, kila gazeti la Marekani limeandika, na aliuzwa kwa dharau. Mtu aliyedharauliwa anacheza mara mbili.

#45 Dada Raskazone
Umbile la Oktoba na la Machi si moja. Mimi sitaji wangu mpaka Jumamosi.

#46 Fundi Baiskeli
Wanaosahaulika. Jokić alichaguliwa wa 41 mwaka 2014, leo ana tuzo tatu za mchezaji bora. Mimi raundi za mwisho naokota vijana warefu wenye majina magumu, mmoja atatoka tu.

#47 Mwalimu wa Makorora
Umesema hivyo miaka minne. Mmoja hajatoka.

#48 Fundi Baiskeli
Mkonge nao ulianza na miche 62.

#49 Mlinzi wa Zamu
Zamu inaisha, naenda kulala. Kabla sijaondoka: karatasi za zamu ya kuchagua tulizovuta jana kwenye kopo pale kijiweni, matokeo mnayo? Sikusikia vizuri, pikipiki zilikuwa zinapita.

#50 Dada Raskazone
Ninayo. Wa kwanza Mtoto wa Barabara ya Nane. Wa pili mgosi. Mimi wa tano, Chungwa wa mwisho.

#51 Mwalimu wa Makorora
Mgosi wa pili?

#52 Mgosi wa Chumbageni
Najua mnachotaka kusema. Msiseme.

#53 Fundi Baiskeli
2009.

#54 Babu Tongoni
Mie Jumamosi nitakuja hivyohivyo na ubao wangu wa drafti. Mkichoka na hao watu wenu, kete zipo. Mkate wa ajemi nani analeta?